Ninavyoeleza kichocheo kwa mbeba mizigo wa Kantri Basi

Kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha, kila mwanafunzi hukariri. Kuelewa ni jambo jingine. Ndiyo maana mimi huanzia steji ya Machakos Kantri Basi jijini Nairobi, kwenye gunia la ndengu la kilo 90 lililotoka Kitui juu ya keria, ile fremu ya vyuma ya kubebea mizigo juu ya paa la basi.

Gunia likitua chini limepumzika, na hilo ndilo zao la mmenyuko. Lakini kabla ya kushuka ni lazima kwanza linyanyuliwe livuke vyuma vya keria. Kimo cha vyuma hivyo ndicho nishati ya uamilisho, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mmenyuko unahitaji ili uanze. Mwenye mzigo huvuta, huhema, halafu huliangalia gunia kama limemkosea. Kupasha mchanganyiko joto ni kuwalisha wenye magunia ugali: wengi zaidi wanapata nguvu ya kuvusha. Mbeba mizigo halishi mtu. Anajua kwamba upande wa ngazi vyuma ni vifupi, basi analivutia gunia huko, analipokea mgongoni, anashuka, analitua, kisha anapanda tena kufuata la pili. Gunia limefika palepale ambapo lingefika bila yeye.

Hapo mgongoni ndipo ninapokaa sana, kwa sababu wengi hufundishwa kwamba kichocheo hakishiriki. Kinashiriki kabisa! Kwa kitambo kidogo gunia na mgongo vimeshikana, kisha vikaachana. Usiweke tanboi, yaani utingo wa basi, katika mfano huu. Yeye huondoka na basi, na kichocheo hubaki stejini.

Baada ya mfano naonyesha. Napima gramu 0.5 za manganizi (IV) oksaidi, unga mweusi ambao hapa ndio kichocheo, naziweka kwenye bika ya ml 250, kisha namimina ml 10 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 6. Hiyo ndiyo inayoitwa ya ujazo 20, maana ml 1 hutoa takriban ml 20 za oksijeni, kwa hiyo hapa zinatoka kama ml 200. Usizibe chombo kamwe. Kinakuwa cha moto pia, joto linaweza kupanda karibu digrii 40, hivyo miwani na glavu ni lazima. Kijiti chenye kaa jekundu kikisogezwa mdomoni mwa bika huwaka tena.

Mapovu yakiisha namimina ml 10 nyingine juu ya unga uleule, na unachemka upya: gunia la pili. Mwishoni nachuja kwa karatasi niliyoipima kabla, nasuuza, nakausha kabisa, napima. Uzito ni uleule wa gramu 0.5.

Usipokuwa uleule, tafuta kosa kabla ya kulaumu kemia. Karatasi yenye unyevu huongeza uzito. Unga mweusi wa betri za redio huupunguza, kwa kuwa umechanganyika na kaboni na chumvi zinazoyeyuka, kama amoniamu kloridi, na wanafunzi huondoka wakiamini kichocheo kimeliwa. Uoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa na uukaushe kabla ya kupima mara ya kwanza. Betri za alkalini usizifungue, zina potasiamu haidroksaidi inayounguza ngozi. Na mapovu yakikosekana kabisa, kagua chupa: peroksaidi iliyokaa wazi au kwenye mwanga hugeuka maji polepole. Asiye na manganizi atumie kipande cha kiazi kibichi, ambacho kina kimeng'enya, yaani kichocheo cha viumbe hai, kiitwacho katalesi. Kilichochemshwa hakifanyi kitu.

Swali linalokuja daima ni kama kichocheo kinaweza kuharibika. Mwekee mbeba mizigo friji mgongoni, kisha mwenye friji apotee. Yupo, ana nguvu zake, lakini hawezi kupokea gunia lolote. Risasi, ile metali nzito, iliyokuwa kwenye petroli ilifanya hivyo kwa platinamu ya kisafisha moshi cha gari: ilifunika uso wa chuma na haikubanduka.