Nyuki dume hana baba, ila babu anaye

Jana mjomba alifungua mzinga akanionyesha dume: mnene, macho makubwa yamekutana utosini, mwiba hana. "Huyu kazi yake kula tu." Nikamwambia, mjomba, huyu hata baba hana! Yai la malkia lisiporutubishwa hutoka dume mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 16. Likirutubishwa, jike mwenye 32. Babu anaye, ila wa upande wa mama. Akacheka mpaka moshi ukampalia.

Na kwa kuwa dume huwapa binti zake wote jeni zilezile, nyuki dada wa mama na baba mmoja hufanana jeni robo tatu, hoja aliyoitumia mwanabiolojia William Hamilton mwaka 1964 kueleza kwa nini wanamtumikia malkia na kulea dada zao badala ya kuzaa wenyewe. Lakini malkia hupandwa na madume wengi, kwa hiyo mzingani wamejaa dada wa mama mmoja, baba mbalimbali. Na mchwa je? Hata madume wao wana baba, na malkia wanamtumikia vilevile. Robo tatu peke yake haitoshi, jamani.