Usiku wa makaa ya mawe Ulaanbaatar

Uwanja wa ndege uko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa mji, na huko hewa ya Januari ilikuwa safi kabisa, ya baridi ya kukata: nyuzijoto 27 chini ya sifuri. Tulipovuka kilima cha mwisho nilitafuta Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, nikaikosa. Bondeni palitanda ukungu wa rangi ya udongo, umetobolewa na mabomba marefu ya mitambo ya umeme. Dereva akavaa barakoa, nami akanipa moja bila neno.

Nilifikia kwa dada mmoja niliyesoma naye Uchina. Anaishi miinuko ya kaskazini, kwenye mitaa ya ger, yale mahema ya duara ya sufu iliyoshindiliwa. Zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huu wanaishi mitaa ya namna hiyo, ambako mabomba ya maji ya moto yanayopasha maghorofa ya katikati hayafiki. Wengi walikuwa wafugaji. Wazazi wake walihamia mjini baada ya dzud, kipupwe kile kikali kinachoangamiza mifugo, kumaliza kondoo wao.

Katikati ya ger kuna jiko la chuma. Mimi nimekulia kwenye mkaa wa miti na nilidhani moshi naujua. Huu wa makaa ya mawe ni mwingine: una ukali wa kiberiti, unakwaruza koo, na ladha yake inabaki ulimini hata baada ya chai ya maziwa yenye chumvi. Tangu Mei 2019 makaa ghafi yamepigwa marufuku mjini; watu wanachoma vitofali vya makaa yaliyosindikwa. Moshi umepungua, alisema. Lakini msimu ule wa kwanza kuna waliolala wasiamke, wameuawa na gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Tangu hapo king'ora kidogo kinaning'inia kando ya mlango wake, na kila usiku, kabla ya kulala, hukibonyeza kuhakikisha kinalia.

Saa tisa usiku nilimwona amepiga magoti, analilisha jiko. Likizimika, maji ya kwenye ndoo yanaganda kabla hakujapambazuka. Binti yake mdogo, miaka minne, akakohoa mfululizo. Alikuwa ametoka hospitali na nimonia, mara ya pili tangu Novemba. Dada akamgeuza ubavu, akamsugua mgongo, akaongeza kitofali kingine. Ningefanyaje tofauti? Nililala macho nikisikiliza kifua cha mtoto yule.

Koti la shule la kijana wake mkubwa halitundikwi ndani. Hulifunga kwenye mfuko wa plastiki, fundo mbili, kwa sababu darasani watoto wa maghorofani humkwepa wakisema ananuka moshi. Asubuhi, giza bado, nilimsindikiza. Theluji ya njiani ilikuwa na masizi. Alitembea na koti la zamani hadi karibu na geti, akabadilisha haraka huku akitetemeka, akanusa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto, ndipo akaingia.