Jumamosi yetu Sanssouci

Jana nilipanda treni na dada yangu kutoka Berlin hadi Potsdam, hata saa moja haikuisha. Tulikwenda kuona Sanssouci, kasri la kiangazi la mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia (ufalme wa zamani wa Kijerumani), lililojengwa kati ya 1745 na 1747. Jina ni la Kifaransa: "bila wasiwasi". Dada akasema, "Yaani raha mustarehe!"

Nilitarajia jumba kubwa la kutisha. Kumbe ni la ghorofa moja tu, rangi ya njano, limekaa juu ya kilima. Chini yake kuna matuta sita ya mizabibu, na kwenye kuta zake mitini imepandwa ndani ya vijumba vya vioo ili baridi isiiue. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko ndani kwenye dhahabu na vioo. Mtini nyuma ya kioo, jamani!

Lakini kilichonigusa hasa ni kaburi la mfalme huyo. Bamba la jiwe lisilo na urembo, jina lake tu, na juu yake viazi mbichi, vingine bado vina udongo. Watu huviacha kumkumbuka kwa sababu alihimiza wakulima walime viazi. Aliomba azikwe hapo, karibu na mbwa wake. Alifariki 1786, wakamzika kwingine. Ombi lake likatimizwa 1991. Miaka 205!

Dada alitaka kurudi kununua kiazi akiweke. Tumekubaliana, mwezi ujao tunakwenda nacho.