Hatari! ya Dell: sinema ya Momella ndani ya kurasa 32

Arusha hapa, sinema ya Hatari! haihitaji utambulisho. Howard Hawks aliitoa 1962: John Wayne na wenzake wanakamata wanyama wa kuuzia zoo, kambi ipo Momella, na mwishoni watoto wa tembo wanamsaka Elsa Martinelli katikati ya mji. Kisichojulikana sana ni kitabu chake cha katuni, kilichochapishwa na kampuni ya Dell ya New York kikiwa na tarehe ya Januari 1963.

Ukikitafuta mtandaoni usihangaike na namba ya toleo, hakina. Kina msimbo: 12-340-301. Tarakimu tatu za mwisho ndizo tarehe, yaani 3 ni mwaka 1963 na 01 ni Januari. Muuzaji anayekitangaza kama "toleo la 301" hakijui vizuri anachouza, na mara nyingine hiyo ni nafuu yako. Usishtuke pia kukosa kwenye jalada ule muhuri wa ukaguzi uliokuwa kwenye katuni nyingi za Marekani za enzi hizo. Dell hawakujiunga kabisa na mpango huo wa ukaguzi, kwa hiyo kukosekana kwa muhuri si dalili ya nakala bandia. Nakala za katuni za Kimarekani zilizouzwa Uingereza miaka hiyo nazo aghalabu ziligongwa bei ya peni kwa wino. Uache wino huo ulivyo. Ukiusugua unatoka na rangi ya jalada.

Sasa, kama katuni, kina shida ambayo si kosa la mchoraji. Sinema ina dakika 157 na kisa chenyewe ni chembamba. Hawks alipiga picha ukamataji wa kweli, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari, na hadithi ikafuata kile kilichopatikana porini. Raha yake ni gari kurukaruka nyuma ya faru huku vumbi likipanda, halafu jioni ndefu za soga na piano. Igawe kwa kurasa 32 za ndani: kila ukurasa unabeba karibu dakika tano. Muziki wa Henry Mancini, ule wa matembezi ya ndama wa tembo ambao hata asiyeiona sinema anaujua, hauna pa kukaa. Na mbio za faru, ambazo kwenye skrini zinakupa kihoro kwa mwendo wake usiotulia, kwenye katuni lazima zikatwe ziwe vyumba vya picha vitano au sita. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa sinema ngumu kabisa kuzigeuza katuni.

Vumbi ndilo linaloumbua uchapaji. Shika kioo cha kukuzia uangalie eneo lolote la udongo au ngozi ya mnyama. Hakuna wino wa kahawia pale. Kuna vidoti vya njano, vyekundu na vya buluu vilivyopangwa karibu-karibu, na mistari myeusi juu yake, kwenye karatasi ya daraja la gazeti inayofyonza wino. Sahani moja ya kuchapia rangi ikihama milimita moja tu, uso wa mtu unapata ukingo mwekundu upande mmoja na shavu linatoka nje ya mstari. Hilo lilitokea kiwandani. Halihesabiwi kama uchakavu, wala usikubali mtu akuambie limetokana na maji.

Kabla ya kulipa, omba picha nne: jalada la mbele, la nyuma, upande wa ndani wa jalada la mbele, na kurasa za katikati kitabu kikiwa kimefunuliwa. Ya mwisho ndiyo wauzaji huisahau, na ndiyo inayookoa pesa. Kurasa 32 ni karatasi nane zilizokunjwa na kushikwa na pini mbili, kwa hiyo katikati ni ukurasa wa 16 na 17. Pini zikipata kutu zinakula karatasi, na karatasi ya katikati ndiyo hudondoka kwanza. Ikitoka hiyo, kisa kinaruka kutoka ukurasa wa 14 hadi wa 19. Umepoteza kama dakika ishirini za sinema, na kwa nje kitabu kinaonekana kizima! Upande wa ndani wa jalada nao unamfichua aliyepaka kalamu ya rangi mgongoni kuficha mikunjo, maana wino hupenya.

Kutunza kwa hali ya hewa yetu ni kazi nyingine. Karatasi hii ina asidi, itakuwa ya njano tu. Unachoweza ni kuichelewesha. Tumia mfuko wa polipropilini au Mylar (plastiki ya poliesta) wenye ubao wa karatasi usio na asidi nyuma yake, usimamishe kitabu ndani ya boksi, mbali na ukuta wa nje. Ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu, ya kuwekea vyeti, iache: ni PVC, na baada ya muda inanata kwenye wino. Masika weka vifuko vya silika ndani ya boksi na uvibadilishe vikishiba unyevu. Sanduku la bati linazuia mchwa na panya, lakini usiku wa baridi wa Juni na Julai linatoa jasho kwa ndani, kwa hiyo kitabu kisigusane na bati.

Selotepu hapana. Gundi yake inazama kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Na tafadhali, usikipeleke steshenari kufanyiwa lamineshi. Joto na plastiki havirudishwi nyuma, na kwa mkusanyaji nakala hiyo haina thamani tena. Kama unataka kukisoma mara kwa mara, kiskani mara moja kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kisha upunguze ukubwa wa picha kwenye kompyuta. Ukiskani moja kwa moja kwa dpi 150, vile vidoti vinagongana na skana na anga lote linajaa mawimbi.