Siku niliyopewa kiti cha msuluhishi

Nilikuwa kipa kwa miaka tisa, kwa hiyo nilidhani mambo ya ugomvi nayajua vya kutosha. Kumbe kwenye programu yetu ya chuo kikuu, ya kusuluhisha migogoro ya michezo, somo la kwanza ni kunyamaza. Tulipewa mgogoro wa kuigiza: nahodha kavuliwa kitambaa cha unahodha, kocha hataki hata kumtazama. Mimi nikawa msuluhishi. Dakika ya tatu nikaropoka, "Kocha, si umwombe radhi tu yaishe?" Mhadhiri akasimamisha zoezi. Nilikuwa nimeshachagua upande.

Mara ya pili niliwatenganisha, nikakaa na kila mmoja faragha. Nahodha hakuwa akililia kitambaa. Kilichomuuma ni kuzipata habari kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaambiwa ana kwa ana. Hilo halikuwamo kwenye karatasi ya zoezi. Mwenzangu alilitoa moyoni mwake, na nashuku liliwahi kumpata kweli.

Sheria nazo tunasoma. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilianzishwa mwaka 1984 na makao yake yako Lausanne, Uswisi. Kwenye Olimpiki, tangu Atlanta 1996, huweka kitengo cha muda ambacho kwa kawaida hutoa uamuzi ndani ya saa 24. Wanasheria darasani huipenda sana sehemu hiyo. Mimi nawaza zaidi wale wawili waliogombana: hukumu ikishatoka, kesho jioni wako uwanja mmoja, wanapasiana mpira.

Wiki ijayo naigiza mzazi wa mchezaji wa akiba. Mniombee.