Dakika Kumi Kumi Pale Shangani

Septemba 2019, wiki chache kabla ya minada ya korosho kuanza, tulikaa kwenye ukumbi mdogo pale Shangani, Mtwara, kuwasikiliza watu wanaojua namna ya kuifanya biashara ionekane Google. Kila msemaji alipewa dakika kumi; simu ikilia, unakaa. Utaratibu mzuri sana. Mwenye dakika kumi hapati nafasi ya kusimulia historia ya intaneti.

Wa kwanza alimgeukia mama mmoja muuza korosho.

"Shikamoo mama. Mteja akipiga simu, anaanzaje?"

"Marahaba. Anauliza, korosho kilo bei gani? Nzima au vipande?"

Akafungua tovuti ya mama. Neno "bei" halimo, "kilo" halimo, "Mtwara" halimo. Iliyojaa ni "bidhaa bora zenye viwango vya kimataifa". Akatuelekeza: andika "korosho" Google, weka nafasi, kisha tulia bila kubonyeza, usome inayokupendekezea. Halafu teremka hadi chini ya matokeo, kuna maneno mengine ambayo watu huyatafuta. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye matokeo ya Google, kiwe na herufi 50 hivi, kisizidi sana 60, maneno ya mteja yatangulie na jina la duka lifuate, maana kikiwa kirefu kinachokatwa ni mkia. Hapo hapo wakaandika "Bei ya Korosho kwa Kilo Mtwara: Nzima na Vipande", herufi 48 pamoja na nafasi. Mnunuzi wa nje yeye huandika W320, yaani korosho nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja. Huyo apewe ukurasa wake wa Kiingereza, asichanganywe na mtu wa kilo mbili.

Wa pili alizungumzia picha. Picha ya ufukwe wa Msimbati yenye MB 4, kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, inashuka kwa sekunde 32. Nani atasubiri, na bando ni lake? Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kwa muundo wa JPEG, ubora wa 75 kati ya 100, mara nyingi itashuka chini ya KB 300. Julai ya mwaka ule Google ilikuwa imeanza kuzipima tovuti zote mpya kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu.

Wa tatu alikuja kupigia debe kununua viungo, yaani kuwalipa wenye tovuti nyingine waweke "link" za kuja kwako ili upande kwenye matokeo, jambo ambalo Google inalikataza. Simu ilipolia nilishukuru.

Aliyeutikisa ukumbi ni msemaji wa nne. Mzee mwenye vyumba vya wageni Lindi alilalamika kwamba tovuti ina miezi minne na Google haiijui. Msemaji akaandika kwenye Google "site:" na kuunganisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi, ili zitokee kurasa zake tu ambazo Google inazijua. Ukatokea ukurasa mmoja tu, tena bila maelezo. Akafungua anwani ileile, mwishoni akaongeza /robots.txt, faili linalowaambia roboti, yaani programu za Google na wenzake zinazopita kusoma tovuti, wapi wasiingie. Ukutani ikatokea mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Mkwaju ule mmoja, yaani alama ya / baada ya Disallow, unawaambia roboti wote wasipite popote. Fundi aliuweka wakati anajenga, wageni wasione kazi ambayo haijaisha, akasahau kuutoa. Kwa WordPress ya siku zile, programu ya kujengea tovuti, tiki moja kwenye mipangilio ya usomaji ilitosha kuuweka.

Hapo akatumia dakika zake zote zilizobaki, na alifanya vyema, kwa sababu hata mafundi hukosea: kumzuia roboti si sawa na kuuficha ukurasa. Ukitaka ukurasa usitokee kwenye matokeo, weka ndani yake noindex, agizo la kutouonyesha kwenye matokeo, kisha mwache roboti aingie aisome. Ukimfungia mlango haioni hiyo noindex, na tovuti nyingine zikiwa na kiungo cha kuja kwako, anwani inaweza kuendelea kutokea, tupu, bila hata sentensi moja ya kueleza kilichomo.

Mzee alishatoka nje na simu sikioni. "Mwanangu, hiyo tiki itoe. Ndiyo, sasa hivi."

Aliporudi, msemaji akamweleza kwamba Google huweza kukaa na nakala ya faili hilo hadi saa 24, kwa hiyo asihangaike kuchungulia kila baada ya dakika tano.

Chai haijaletwa, mzee alikuwa ameshachungulia mara tatu.