Hapo unamtazama nani?

Jana jioni mwanangu wa mwisho alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yangu, nami nikadhani anacheza gemu. Kumbe anaangalia Somo la 7 la kozi yangu ya video. Amelifikiaje sijui, ana miaka minane na hana leja, lile daftari la hesabu, ya kufunga. Akasimamisha video, akaninyooshea simu.

"Mama, hapo unamtazama nani?"

Ilikuwa dakika ya nne na kitu. Sikuhitaji hata kuvaa miwani.

Ile kozi, ndiyo. Masomo 12 ya utunzaji wa hesabu, ambayo niliapa yangekuwa tayari kwa wiki mbili na yakala miezi mitano. Mlionivumilia wakati ule mnajua nilivyokuwa, msikumbushane.

Mwanzo nilisoma karatasi niliyoibandika chini ya simu. Kwenye video akatokea mama mmoja anayefundisha vifungo vya shati la mwanafunzi. Nikajaribu kukariri, nikawa kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi, macho darini kutafuta ubeti unaofuata. Nikapakua programu ya kupitisha maandishi kwenye skrini ileile ninayojirekodi nayo. Hiyo ilikaribia, ila lenzi iko ukingoni na maneno yako katikati, na ule upana wa vidole viwili mtazamaji anauona. Nilionekana kama mtu anayeongea nawe huku anamsubiri mgeni mwingine mlangoni.

Ndipo mdogo wangu akaingilia. Alikuja na boksi la viatu, kitambaa cheusi, na kioo alichokitoa kwenye fremu ya picha yangu ya mahafali. (Picha haina kioo mpaka leo. Namkumbusha kila mwaka.) Huyu hafanyi kitu bila kukupa historia yake. Huku anakata boksi kwa kisu akanieleza kwamba mwaka 1950 injinia mmoja Mmarekani, Hubert Schlafly, aliitengeneza teleprompta ya mwanzo, yaani chombo cha kumpitishia msemaji maneno mbele ya macho, kwa nusu ya sanduku la nguo, mota, na karatasi ya kufungia nyama iliyoviringishwa, maneno yamechapwa juu yake kwa herufi kubwa.

"Kwa hiyo boksi la viatu ni maendeleo, dada."

Kitu chenyewe si uganga. Simu ya kurekodi inakaa nyuma ya kioo, imezungushiwa kitambaa cheusi ili mwanga usiingie kwa nyuma. Kioo kinainamishwa nyuzi 45. Simu ya pili, ile yangu kuukuu iliyopasuka kona, inalazwa chali chini yake, na maandishi yanajitokeza kwenye kioo, kama yamening'inia hewani mbele ya lenzi. Unayasoma, lenzi haiyaoni, inakuona wewe umeikazia macho. Na kwa kuwa kioo hugeuza, programu huyageuza maandishi kwanza, yakigeuzwa mara ya pili yanasomeka.

Kioo chetu hakikuwa cha kazi hiyo. Vile vya kazi hupakwa utando unaorudisha, tuseme, asilimia 30 ya mwanga na kupitisha 70. Cha fremu hurudisha kidogo mno, tena mara mbili, uso wa mbele na uso wa nyuma, kwa hiyo kila herufi ilikuwa na pacha hafifu amesimama mgongoni mwake. Tukafunga mapazia, tukapandisha mwanga wa simu hadi mwisho, tukaweka maandishi meupe juu ya weusi. Ikatosha.

Kilichonitesa hakikuwa kioo, kilikuwa Kiswahili. Programu ilianza na kasi ya maneno 150 kwa dakika. Aliyeipanga hivyo hajawahi kukutana na "tulivyokwishaviandika", ambalo kwa hesabu zake ni neno moja, sawa na "na". Nikashusha hadi 90 na bado nilikuwa nahema. Halafu safu lazima iwe nyembamba, maneno matatu au manne kwa mstari, la sivyo mboni zinaenda na kurudi kama za mtu anayetazama tenisi. Sasa safu nyembamba na vitenzi vyetu: nusu ya neno inabaki mstari wa juu, nusu inafuata chini, nami nimeshashusha sauti kama aliyemaliza sentensi.

Na tarakimu! Somo la 7 linaanza na Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, ambaye mwaka 1494 alichapisha huko Venice maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiuandika kila muamala mara mbili. Jina nililiandika "Pachioli" nisijikwae. Mwaka nikauacha kwa tarakimu. Jicho linaona alama nne tu, mdomo unadaiwa "elfu moja mia nne tisini na nne", na maandishi hayasubiri mtu. Nikifika "tisini", aya imeshafika kwenye debiti.

La mwisho mikono. Debiti ni upande wa kushoto wa leja, krediti ni wa kulia. Hilo ndilo somo lote, mengine ni maelezo. Lakini mtazamaji ananitazama uso kwa uso. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Ili aone kushoto, inanibidi niinue mkono wa kulia huku nasema "kushoto", jambo ambalo mwili unalikataa kabisa. Kwa hiyo niliyaandika ndani ya maandishi kwa herufi kubwa: MKONO WA KULIA. Nami nikatii kama roboti.

Basi ile siku. Jaribio la sita la Somo la 7. Mdogo wangu amesimama pembeni kidogo ya boksi, kazi yake kubonyeza rimoti na kunyamaza. Kati ya jaribio la tano na la sita nilikuwa nimeitoa ile simu kuukuu kwenye hali ya ndege ili nijitumie maandishi niliyoyasahihisha. Sikuirudisha.

Nilikuwa nimefika "upande wa kushoto tunaandika", mkono wa kulia uko juu, kioo kikawaka ghafla. Maneno yote yakatoweka. Mahali pake, katikati kabisa ya lenzi, likasimama neno moja kubwa jeupe:

AMAM

Programu hugeuza maandishi yake yenyewe. Simu ikipigwa, haijui habari za kioo. Nami nimemhifadhi kwa herufi kubwa, MAMA, na M na A ni katika zile herufi zisizojali kioo, ubavu wa kushoto na wa kulia ni mmoja. Lingekuwa jina la mtu mwingine yeyote, ningeona herufi zimepinduka nikajua kuna kosa. Hili lilikuwa neno safi, limesimama wima, halina maana yoyote. Na mimi kwa wiki nzima nilikuwa nimejifunza jambo moja tu, kwamba kinachotokea pale kinasomwa.

Nikalisoma. Kwa sauti ileile ya mwalimu, taratibu, mkono bado uko juu. "Upande wa kushoto tunaandika amam."

Simu ilikuwa kimya lakini inatetemeka. Boksi likatetemeka nayo, kioo kikatetemeka, na AMAM akawa anacheza pale mbele pamoja na pacha wake, wanaachana, wanakutana. Chini yao kitufe cha kijani kimehamia upande wa chekundu. Nilimtazama mdogo wangu. Ni mama yake pia. Naye ameshika rimoti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga asiye wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea kupokea. Tukasubiri mama achoke. Alichukua muda wake.

Kioo kikazima, halafu kikawaka tena na programu ikarudi mwanzo: "Karibuni kwenye Somo la 7." Kamera inaendelea kurekodi. Nilikuwa nafungua mdomo kusema tuanze upya, mdogo wangu akawahi, kwa kunong'ona, kana kwamba kunong'ona hakurekodiwi:

"Dada, lakini mimi hicho kitu sijakielewa tangu asubuhi."

"Kitu gani?"

"Unasema hela ikiingia kwangu ni debiti. Mbona benki wakiniwekea hela wananiandikia krediti?"

Alikuwa amesikiliza somo lile mara sita. Nilikuwa nimeliandika, nimelisahihisha mara tatu, nimelipima kwa saa, na swali ambalo kila mwenye akaunti ya benki angeuliza halikuwemo. Nikaanza kumjibu, nimekunja mikono kifuani, si mwalimu tena, dada tu. Nikamwambia ile taarifa ya benki si leja yako, ni ukurasa wa leja yao. Hela uliyowawekea, kwako ni mali. Kwao ni deni, siku yoyote utakuja kuidai. Deni lao linakaa kulia. Akakunja uso. Nikasema, chukua mimi nimekukopesha baiskeli: kwangu daftari linasema huyu ananidaiwa. Akasema, "Unachanganya, sema anayedaiwa ni mimi au wewe?" Nikacheka, nikarudi nyuma: kwangu linasema mdogo wangu ana deni langu, kwako linasema dada ananidai. Jambo moja, madaftari mawili, yametazamana. Ukisimama upande wa benki, kushoto kwako kunakuwa kulia.

Akatazama kioo, akanitazama mimi. Halafu kichwa kikashuka mara moja, kikapanda. Kukubali kule kwa kichwa ndiko ninakokumbuka kuliko kozi nzima. Nilikuwa nimefundisha lenzi kwa miezi na lenzi haijawahi kukunja uso wala kukubali chochote.

Kutoka hapo nilimaliza somo lote bila maandishi, namfundisha yeye. Dakika kumi na moja. Tukapeana mikono. Nikampigia mama, alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya, simu iko mfukoni, na akashangaa mbona nahema.

Usiku nikakaa kuhariri, na hapo ndipo nilipouona msiba. Mikono. Bila ile amri ya herufi kubwa, mwili ulikuwa umerudi kwa mwenyewe: kila nikisema kushoto, nainua wa kushoto. Kwa mdogo wangu, aliyesimama ananisikiliza, haikumsumbua. Kwenye video, dakika kumi na moja nzima, mwanamke mchangamfu kuliko nilivyowahi kuonekana popote anasema kushoto na kuonyesha kulia. Nikajaribu kuigeuza picha kwenye programu ya kuhariri; mikono ikakaa sawa, lakini ubao nilioandika nyuma yangu ukasomeka kinyumenyume. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaribia kulia.

Mdogo wangu alinifariji kwa historia. Septemba 1993, akasema, Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kueleza mpango wake wa afya, na kwenye vioo vya teleprompta palikuwa pamewekwa hotuba yake ya Februari. Alihutubia kama dakika saba kwa kichwa mpaka wakairekebisha. Nikamwambia Clinton hakuwa anafundisha kushoto na kulia.

Tukarekodi upya, na maandishi, na hali ya ndege, na MKONO WA KULIA. Hilo ndilo Somo la 7 lililopo. Safi, sahihi, limetulia kama maji mtungini. Kutoka jaribio la sita niliokoa sekunde 40 tu, zile za benki, kwa sababu hapo mikono nilikuwa nimeikunja. Sauti ya mdogo wangu niliikata. Kilichobaki ni mimi peke yangu, najibu swali lisilosikika, macho yametoka kwenye lenzi yameelekea pembeni.

Sijawahi kuamua kama nilifanya vizuri kuziweka. Wanafunzi kadhaa walinishukuru kwa sekunde hizo. Mmoja aliniandikia kwamba hapo nilionekana nimekatizwa na mtu nyumbani na ningepaswa kurudia. Wote walikuwa sahihi, nadhani.

"Mama."

"Hapo namtazama mjomba wako. Alikuwa amesimama pembeni."

Akairudisha video nyuma, hadi dakika ya pili, pale ninapomtaja Pacioli na mwaka wake. Uso wangu umejaa skrini, macho yamekaza mbele, hayayumbi hata kidogo. Akausogeza karibu na wake.

"Na hapa unanitazama mimi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hapo ni wewe."